Shule ya Leta au ya binafsi Zambia: mwongozo kwa mzazi wa Lubumbashi

Buletini, yaani ripoti za shule, za mwezi wa Julai zikitoka, wazazi wengi wa komini za Lubumbashi kama Kampemba, Ruashi na Kenya huanza kuulizana kama mtoto apelekwe ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa akasome Kiingereza. Mara moja mazungumzo yanageuka kuwa ya bei: shule ya Leta, yaani ya serikali, ya Zambia haina ada, ya binafsi ina ada, je, tunaweza? Swali la bei lina nafasi yake, lakini likitangulia linaharibu mambo. Kwanza jiulize mtoto huyu atafanyia wapi mtihani wa mwisho wa sekondari, na cheti chake atakitumia wapi. Ukishapata jibu, nusu ya shule zilizokuwa kwenye orodha yako zitaondoka zenyewe.

Mwongozo huu unamhusu mtoto anayetoka Lubumbashi kwenda miji ya Copperbelt, yaani Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Mufulira au Ndola. Anayekwenda Solwezi au Lusaka atafuata hatua zile zile, isipokuwa lugha ya mtaa, na hilo tutalifikia.

Hatua ya 1: Chagua cheti kabla ya shule

Njia ni tatu. Ya kwanza ni cheti cha taifa la Zambia, kinachotolewa na Baraza la Mitihani la Zambia, ECZ. Ya pili ni mitihani ya Cambridge, yaani IGCSE kisha A-Level, ambayo inapatikana katika shule za binafsi. Ya tatu ni kumrudisha mtoto Kongo akamalize humanités, yaani sekondari ya juu, na kufanya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa Kifaransa.

Kama mtoto atasomea chuo Zambia, cheti cha ECZ kinatosha, na shule ya Leta inakitoa sawasawa na ya binafsi. Mtihani ni mmoja na karatasi ni zile zile. Alama za masomo zinahesabiwa kutoka 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Vyuo vingi huomba angalau masomo matano yenye alama ya 6 au bora zaidi, Kiingereza kikiwemo. Hakuna sababu ya kulipa dola nyingi kwa cheti ambacho shule ya Leta yenye nidhamu inaweza kumpa mtoto wako.

Njia ya Cambridge ina maana kama familia ina uwezo wa kweli na mtoto analenga vyuo vya Afrika Kusini, Ulaya au kwingine. Mitihani yake inalipiwa kwa kila somo, na bei inafuata pauni ya Uingereza. Mzazi anayelipa ada kwa shida halafu akakwama kwenye malipo ya mtihani amepoteza miaka yote ile.

Njia ya kurudi Kongo ndiyo inayowatega wengi, kwa sababu ya hesabu ya miaka. Kwetu mtoto anasoma miaka 6 ya msingi na miaka 6 ya sekondari: ya 7 na ya 8, kisha minne ya humanités. Jumla ni 12. Mfumo wa zamani wa Zambia ulikuwa pia wa miaka 12, ukiishia Gredi 12. Lakini kuanzia Januari 2025 Zambia imeanza kuingiza mfumo mpya hatua kwa hatua: miaka 6 ya msingi, miaka 4 ya sekondari kutoka Fomu 1 hadi Fomu 4, kisha miaka 2 ya A-Level, Fomu 5 na Fomu 6. Mtoto anayemaliza Fomu 4 ana cheti mkononi, lakini amesoma miaka 10. Mwenzake aliyebaki Lubumbashi, kwa hesabu hiyo ya miaka, yuko mwisho wa mwaka wa 2 wa humanités. Usimwondoe mtoto Fomu 4 ukidhani amekwisha kuwa diplômé. Kama lengo ni UNILU au chuo kingine cha Kongo, panga bajeti hadi Fomu 6, na ujue kwamba cheti chochote cha nje kitapitia équivalence, yaani kulinganishwa na cha Kongo, kabla ya kuandikishwa. Katika hali hiyo shule isiyokuwa na Fomu 5 na 6 haikufai, hata iwe nzuri namna gani, labda uwe umejua mapema mtoto atahamia wapi.

Hatua ya 2: Zijue aina za shule, maana si mbili tu

Sisi wa Kongo tunapaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine. Kwetu kuna shule rasmi za Leta, kuna conventionnées, yaani shule za dini zenye mkataba na Leta, za Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu, halafu kuna za binafsi zilizopewa kibali. Zambia nako hali inafanana. Kuna shule za serikali. Kuna shule za kanisa zinazosaidiwa na serikali: Leta inalipa walimu, kanisa linasimamia. Kuna za binafsi. Na kuna za jamii, zilizoanzishwa na wenyeji mahali ambapo shule ya Leta iko mbali.

Shule ya serikali ya kutwa. Tangu Januari 2022 elimu ya serikali ya Zambia ni bure kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari: ada, mchango wa chama cha wazazi na ada ya mtihani vyote vilifutwa. Ni pana kuliko gratuité yetu, yaani elimu ya bure, iliyoanza Septemba 2019, ambayo iliishia shule za msingi za Leta. Matokeo yake yalikuwa yale yale tuliyoyaona hapa: watoto walijaa. Serikali ya Zambia iliajiri walimu 30,496 kwa mpigo mwaka 2022, na bado mijini darasa la watoto 60 na zaidi si jambo la kushangaza. Shule nyingi za mjini zinagawa siku, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Mtoto anayejua Kiingereza na anayejituma anaweza kufaulu vizuri humo. Asiyejua Kiingereza anazama kimya kimya, kwa sababu mwalimu mwenye watoto 60 hawezi kusimama kumfafanulia mmoja.

Shule ya kanisa inayosaidiwa na serikali. Hapa ndipo tunapomshauri mzazi wa mtoto wa sekondari atazame kwanza. Nyingi ni za bweni, nyingi ni za wasichana peke yao au wavulana peke yao, na nidhamu yake inajulikana. Gharama ya bweni ipo, ila iko mbali sana na ile ya shule kubwa za binafsi. Ugumu wake ni nafasi. Watoto wengi huingia kwa matokeo ya mtihani wa taifa wa Zambia, na mtoto wa Kongo hana matokeo hayo. Mzazi lazima amwandikie mwalimu mkuu mapema na aulize nafasi za uhamisho. Barua iliyoandikwa kwa Kiingereza safi, ikiambatana na buletini zilizotafsiriwa, ina nguvu kuliko kufika mlangoni mwezi wa Januari na mtoto akiwa na sanduku.

Shule ya binafsi. Neno hili linabeba vitu vilivyo mbalimbali sana. Kuna shule zenye maabara, maktaba na watoto 25 darasani. Kuna pia nyumba ya kawaida iliyopakwa rangi, ikapewa jina la Kiingereza lenye neno la kimataifa ndani yake, na walimu wanaobadilika kila muhula kwa sababu hawalipwi. Shule hii ya pili ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwa mzazi wa Lubumbashi. Yuko mbali, ameona picha kwenye WhatsApp, na anaamini kwamba kinachouzwa kwa bei ni bora kuliko cha bure. Shule ya Leta ya wastani inaishinda shule ya binafsi dhaifu karibu kila mahali, kwa sababu mwalimu wa Leta ana mafunzo na mshahara wa kila mwezi.

Shule ya jamii iache, isipokuwa kama mtoto anaishi na ndugu mahali ambapo hakuna nyingine.

Hatua ya 3: Pima lugha na hesabu za mtoto kabla ya kuomba nafasi

Shule nyingi za binafsi, na za kanisa pia, humpa mgeni jaribio la Kiingereza na hisabati. Mtoto wa mwaka wa 5 aliyepata asilimia 75 Lubumbashi anaweza kuanguka vibaya, na shule ikamrudisha madarasa mawili nyuma. Tatizo mara nyingi si akili yake. Ni mambo madogo ambayo mzazi anaweza kuyarekebisha nyumbani ndani ya wiki chache.

Kwa hisabati, mtoto wetu anaandika 3,5 na kule wanaandika 3.5. Elfu moja kwetu ni 1.000, kwao ni 1,000. Mtoto akiona 1,250 anasoma moja na robo, wakati swali linazungumzia elfu moja mia mbili na hamsini. Kugawanya pia kunapangwa tofauti: katika mtindo wa Kifaransa kigawanyo kinawekwa kulia na jibu linaandikwa chini yake, ila katika mtindo wa Kiingereza kigawanyo kiko kushoto na jibu linaandikwa juu. Mtoto anaweza kujua kugawanya barabara na bado akashindwa kufuata ubao. Mpe mazoezi 10 kwa siku ya mtindo wa Kiingereza kwa wiki 4, na maneno ya msingi ya hisabati kwa Kiingereza: kujumlisha, kutoa, sehemu, asilimia, eneo, mzingo. Hili peke yake limewaokoa wengi kurudishwa nyuma.

Kwa lugha, tumia pengo la kalenda. Mwaka wa shule Kongo unaisha mwanzoni mwa Julai, wa Zambia unaanza Januari. Kuna zaidi ya wiki 24 katikati. Saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 24, ni saa 240 za Kiingereza. Mtoto wa miaka 8 hadi 12 aliyefundishwa saa 240 kwa makini atamwelewa mwalimu, atauliza maji, ataandika sentensi fupi. Hatakuwa bado na uwezo wa kuandika insha, na usimtegemee aweze. Mwalimu wa jirani anayejua Kiingereza kwa kusoma tu hafai kuwa peke yake. Tafuta mtu anayekizungumza, kwa maana kinachomshinda mtoto wiki za kwanza ni kusikia.

Kuna lugha nyingine ambayo wazazi husahau. Katika shule za Leta, miaka ya mwanzo ya msingi hufundishwa kwa lugha ya eneo, na Copperbelt lugha hiyo ni Kibemba. Mtoto ambaye bibi yake ni wa Sakania au Kasenga na anakisikia Kibemba nyumbani ana mlango wazi katika shule ya Leta ya Kitwe. Mtoto anayejua Kiswahili na Kifaransa tu atakutana na lugha mbili mpya kwa pamoja. Solwezi lugha ya eneo ni Kikaonde, Lusaka ni Kinyanja. Shule za binafsi kwa kawaida zinaanza na Kiingereza tangu siku ya kwanza.

Hivyo basi, ushauri wetu ni huu. Mtoto wa chini ya miaka 11 asiyejua Kiingereza wala Kibemba: shule ya binafsi ya kawaida, yenye watoto wasiozidi 35 darasani, kwa miaka miwili au mitatu, kisha umhamishe. Mtoto wa sekondari ambaye Kiingereza chake kimesimama: shule ya kanisa inayosaidiwa, au ya Leta yenye matokeo mazuri. Mtoto wa sekondari asiyejua Kiingereza hata kidogo: mbakize Lubumbashi mwaka mmoja zaidi akisoma lugha. Kumtumbukiza Fomu 3 bila lugha ni kumfedhehesha mbele ya wenzake, na mtoto wa miaka 15 hasahau fedheha hiyo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mzunguko mzima, si ya muhula

Minervali, yaani ada ya shule, tumezoea kuihesabu kwa mwezi au kwa tranche, yaani kwa awamu. Zambia mwaka una mihula mitatu: Januari hadi Aprili, Mei hadi Agosti, Septemba hadi Desemba. Shule ya binafsi itakutajia ada ya muhula mmoja, na hapo ndipo mzazi anapodanganyika.

Tufanye mfano, tarakimu zake ni za kujifunzia tu. Ada kwacha 6,000 kwa muhula, mara 3, ni 18,000. Kuandikishwa mara moja, 1,000. Sare, viatu na sweta, 2,500. Vitabu na madaftari, 2,000. Basi la shule kwacha 1,200 kwa mwezi, miezi 9, ni 10,800. Chakula cha mchana kwacha 15 kwa siku, siku 190, ni 2,850. Jumla ni kwacha 37,150. Ada iliyotajwa kwenye tangazo haikufika hata nusu. Katika shule ya Leta ondoa ada, lakini sare, vitabu, usafiri na chakula vinabaki, na kama ni bweni ongeza malipo ya malazi, godoro, ndoo, sabuni na vyakula vya ziada ambavyo shule huorodhesha.

Halafu weka kiwango cha kubadilisha. Wengi wetu tunapata na kutunza dola, shule inadai kwacha. Kwacha ikiwa 28 kwa dola moja, zile 37,150 ni dola 1,327 hivi. Kwacha ikipata nguvu ikafika 23, pesa ile ile inakuwa dola 1,615. Shule haijaongeza hata ngwee moja, lakini wewe umeongezewa karibu dola 290. Mwaka 2025 kwacha ilipanda namna hii na familia nyingi zilishangaa. Weka akiba ya asilimia 20 juu ya jumla yako, na kila mwaka uongeze nafasi ya ada kupanda.

Sasa zidisha kwa miaka iliyobaki hadi mtihani wa mwisho. Kama hesabu hiyo haiwezekani kwa mapato ya kawaida, yaani bila kutegemea biashara ambayo bado haijafunguliwa au ndugu wa Ulaya aliyeahidi, chagua shule ya bei ya chini tangu mwanzo. Mtoto anayetolewa shule ya kifahari katikati ya Fomu 3 kwa deni anaumia kuliko yule aliyeanza shule ya kawaida akamaliza. Na shule nyingi za binafsi huzuia ripoti na barua ya uhamisho mpaka deni lilipwe, kwa hiyo hata shule ya Leta haitampokea kwa urahisi.

Lipa benki au kwa njia inayoacha risiti yenye jina la mtoto na muhula. Usimpe mtu pesa taslimu akupelekee, hata akiwa ndugu.

Hatua ya 5: Nenda ukaione shule, na uulize haya

Lubumbashi hadi mpakani Kasumbalesa ni kilomita zisizofika mia. Ukifika mpakani mapema unaweza kuona shule mbili za Chililabombwe au Chingola na kurudi. Nenda siku ya masomo, muhula ukiendelea, si wakati wa likizo. Shule tupu zote zinapendeza.

Kwa shule ya binafsi omba kuona cheti cha kusajiliwa na wizara ya elimu ya Zambia, na uulize kama shule yenyewe ni kituo cha mtihani cha ECZ, namba yake ni ipi. Shule isiyo kituo huwapeleka watoto kufanyia mtihani kwingine, na hapo ndipo majina hupotea. Baada ya kuonyeshwa, pita ofisi ya elimu ya wilaya, ambayo wenyeji wanaiita DEBS, uthibitishe. Hakuna shule ya halali itakayokukasirikia kwa hilo. Uliza pia walimu wangapi wameandikishwa katika Baraza la Ualimu la Zambia, na wangapi walikuwepo mwaka uliopita. Kama zaidi ya nusu ni wapya, ondoka.

Kwa shule ya Leta maswali ni mengine. Je, ubure wa ada unamhusu mtoto asiye raia, na kwa masharti gani? Jibu lipate kwa maandishi kutoka kwa mwalimu mkuu. Darasa atakaloingia lina watoto wangapi leo? Anasoma asubuhi au mchana? Akisoma mchana, jioni anarudi na nani?

Kwa zote mbili: matokeo ya mtihani ya miaka mitatu, na usikubali kuonyeshwa wanafunzi watano bora tu. Uliza walifanya wangapi, walifaulu wangapi. Tazama vyoo. Fungua bomba. Mwaka 2024 ukame ulipunguza umeme wa Zambia kiasi kwamba mitaa mingi ilikaa gizani saa nyingi kwa siku. Uliza shule ina sola au jenereta, na kama maji yanatoka kisimani umeme ukikatika. Mwanzoni mwa mwaka huo huo kipindupindu kilichelewesha ufunguzi wa shule kutoka Januari hadi tarehe 12 Februari, kwa hiyo swali la maji na vyoo si la ubishoo.

Katika bweni ingia chumbani. Hesabu vitanda, angalia kama milango ya dharura inafunguka na kama madirisha yana vyuma visivyofunguka kwa ndani. Uliza nani analala na watoto, na mtoto akiugua usiku anapelekwa wapi. Msichana wako mwulizie mlezi wa kike ni nani na umwone kwa macho.

Hatua ya 6: Makaratasi

Anza miezi 6 kabla. Acte de naissance, yaani cheti cha kuzaliwa, ndiyo mzizi wa yote. Sheria yetu inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa kuandikisha mtoto. Aliyepita hapo anahitaji jugement supplétif kutoka mahakamani, na hilo linakula wiki. Hakikisha jina limeandikwa kwa mpangilio ule ule kwenye acte, pasipoti na buletini. Mtoto mwenye majina matatu, jina, postnom na prénom, huandikwa kwa namna tatu tofauti katika karatasi tatu, na shule ya Zambia inaona watu watatu.

Kisha pasipoti ya mtoto. Buletini za miaka miwili au mitatu, zenye muhuri wa shule. Kama yuko mwaka wa 6, mwache afanye ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza msingi, apate cheti chake ndipo aondoke. Kama yuko wa 8, vivyo hivyo na mtihani wake wa taifa. Karatasi hizo ndizo zitakazomfungulia mlango siku akirudi Kongo. Mwombe mkuu wa shule, yaani prefe au mkurugenzi, barua fupi inayoeleza kwamba kwetu 50% ni kufaulu, na mtoto alishika nafasi ya ngapi kati ya wangapi. Mwalimu wa kigeni akiona 62% bila maelezo anaweza kumdhania dhaifu, wakati alikuwa wa 4 kati ya 48.

Vyote vitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri aliyeapishwa. Peleka nakala, asili zibaki kwako.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inaangaliwa mpakani. Dozi moja inatosha kwa maisha yote, lakini cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, basi usimchome mtoto usiku wa kuamkia safari. Mtoto asiyesafiri na wazazi wote wawili abebe autorisation parentale, yaani ruhusa ya wazazi, iliyothibitishwa, yenye jina la anayemsindikiza na la atakayempokea. Bila hiyo DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo, inaweza kumrudisha.

Kibali cha masomo kinatolewa na Idara ya Uhamiaji ya Zambia, na msingi wake ni barua ya kukubaliwa ya shule. Ndiyo maana shule isiyosajiliwa ni hatari mara mbili: barua yake haina uzito. Ulizia masharti ya sasa kwenye konsula ya Zambia hapa Lubumbashi kabla ya kulipa chochote shuleni. Shule nzuri za binafsi husaidia katika maombi hayo, za Leta mara nyingi zinakuachia mwenyewe.

Hatua ya 7: Aingie lini

Januari. Anayeingia Septemba anakuta muhula wa mwisho, na kabla hajazoea kengele ya shule anafanyishwa mitihani ya mwaka mzima. Anayeingia mwaka wa mtihani wa taifa yuko pabaya zaidi, kwa sababu majina ya watahiniwa huandikishwa mapema na mgeni huachwa nje. Muulize mwalimu mkuu mtoto atakuwa darasa gani kwa mfumo upi. Katika kipindi hiki cha mpito madarasa ya Gredi ya zamani na ya Fomu mpya yanakaa pamoja katika shule moja, na kosa la mwaka mmoja hapa linamfuata mtoto hadi mwisho.

Sare inunuliwe kule kule baada ya kukubaliwa. Bluu na nyeupe yetu haina kazi Zambia. Kila shule ina rangi zake.

Hatua ya 8: Mtu wa karibu na shule

Chaguo la Leta au binafsi linategemea pia nani yuko pale. Shule ya kutwa ya Leta inafaa pale tu ambapo kuna shangazi, mjomba au yaya (kaka au dada mkubwa) anayeaminika, anayeishi karibu, na ambaye mmekubaliana naye wazi juu ya chakula, kazi za nyumbani na pesa ya kila mwezi. Mtoto aliyepelekwa kusoma halafu akageuzwa kuwa mlezi wa watoto wa wenyeji wake hatasoma, hata shule iwe nzuri. Ndugu huyo asipokuwepo, bweni ni salama kuliko chumba cha kupanga.

Jina la mlezi wa Zambia liandikwe shuleni pamoja na namba yake ya simu. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa muda mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, na mzazi wa Lubumbashi hakuweza kuvuka. Mlezi awe na barua yako ya kumruhusu kumchukua mtoto na kumpeleka hospitali, na kwacha za akiba za kutosha wiki mbili.

Muhula wa kwanza piga simu kwa mwalimu wa darasa wiki ya 3, si wiki ya mwisho. Muulize mambo mawili tu: mtoto anaongea darasani, na daftari lake limejaa? Daftari tupu wiki ya 3 maana yake hasikii kinachosemwa, na hapo bado kuna muda wa kumtafutia mwalimu wa jioni. Ripoti ya Aprili ikiwa mbaya, usimhamishe bado. Alama za muhula wa kwanza zinapima lugha kuliko masomo. Ripoti ya Agosti ndiyo ya kuamulia. Ikionyesha hisabati imepanda na Kiingereza kinasogea, mwache. Ikiwa vyote viwili vimelala palepale, tafuta shule nyingine mwezi wa Septemba, maliza madeni yote, chukua barua ya uhamisho na ripoti zenye muhuri, na umhamishe Januari.